Mahindi Yaliyolala Chini

Kati ya Januari na Julai 2004, hospitali za Ukambani zilipokea wagonjwa wenye macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na maini yaliyogoma kufanya kazi. Hesabu ilipofungwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wagonjwa 148 walitoka Makueni na 101 Kitui. Waliobaki walitoka Machakos, Thika na sehemu nyingine chache. Hakukuwa na vita wala kirusi kipya. Watu walikuwa wamekula ugali, uji na isyo, na wengi wao mahindi hayo walikuwa wameyalima wenyewe.

Anayesomea sumu za chakula, awe London au Chicago, lazima akutane na jina Makueni kwenye vitabu vyake. Anajua kuhusu kuvu inayoitwa Aspergillus flavus na sumu yake, aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Yote hayo ni kweli na nitayafikia. Lakini mimi nilifanya kazi ya stoo kwa miaka miwili kwenye godauni moja kando ya Mombasa Road, na kazi hiyo imeniachia tabia moja. Mzigo ukiharibika, swali la kwanza haliwi mzigo ulikuwa na nini. Swali la kwanza ni: ulikuwa umewekwa wapi?

Mwaka 2004, jibu lilikuwa sakafuni, ndani ya nyumba ambamo watu walilala.

Sasa hilo ni jambo la kushangaza, kwa sababu Wakamba si watu wasiojua kuhifadhi nafaka. Walikuwa na ghala lililoinuliwa kutoka ardhini kabla ya mtu yeyote kuwaza paleti. Kwa hiyo historia ninayotaka kuieleza hapa ni hii: mahindi yalishukaje kutoka juu hadi chini?

Raki ya fito

Ghala hilo linaitwa ikumbi. Ukiwahi kupita vijiji vya Mbooni, Kilungu au Mutomo na macho yako yakawa nje ya dirisha la matatu badala ya kwenye simu, huenda umeliona: kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, kimekaa juu ya nguzo fupi au mawe, na juu yake kofia ya nyasi. Siku hizi mengi yana mabati. Mengi zaidi hayapo tena.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua ikumbi lenye upana wa mita moja na nusu, mahindi yaliyopukuchuliwa yakajaa ndani hadi kimo cha mita moja. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa takriban kilo 720. Kwa hiyo ndani ya kikapu hicho kuna karibu kilo 1,270, yaani magunia 14 ya kilo 90. Yakiwa bado kwenye magunzi uzito ni pungufu, lakini bado ni mwingi. Ukilikalisha juu ya nguzo sita, kila nguzo inabeba zaidi ya kilo 200, mchana na usiku, kwa miezi minane. Huo ni mzigo wa raki, si mzigo wa kikapu.

Waliojenga hawakuwa na karatasi ya hesabu, ila walijua mambo mawili ambayo mhandisi wa leo angeyatia sahihi. La kwanza ni mti. Nguzo ilitakiwa iwe ya mti ambao mchwa hauupendi, na Ukambani mti huo una jina linalojulikana: mukau. La pili ni urefu. Nguzo za ikumbi ni fupi. Nguzo ndefu nyembamba haivunjiki kwa kupondwa, inapinda katikati kisha inatoka. Na hesabu yake ni kali: ukiongeza urefu wa nguzo mara mbili bila kuitegemeza, uzito inaoweza kubeba kabla ya kupinda unashuka hadi robo. Nguzo fupi ilitosha kuwatatiza panya na kupitisha upepo. Hakukuwa na haja ya zaidi.

Upepo ndio siri yenyewe. Punje ya mahindi ni kitu hai. Inapumua, na inapopumua inatoa joto na unyevu. Ikiwa kavu, yaani maji yaliyomo ni asilimia 13.5 au chini ya hapo, inapumua polepole sana na kuvu haipati pa kuanzia. Ikiwa na maji zaidi, lundo linajipasha moto lenyewe. Ukishawahi kuingiza mkono katikati ya gunia ukakuta joto, unajua ninachosema. Ikumbi lilipitisha hewa chini, pembeni na juu, kwa hiyo hata mavuno yaliyoingia na unyevu kidogo yaliendelea kukauka humo ndani. Magunzi ya mbegu yalikaa mahali pengine kabisa: juu ya meko, kwenye moshi.

Kitu kingine ni kwamba awali halikuwa ghala la mahindi. Chakula cha zamani cha Ukambani kilikuwa mtama, mawele, kunde na mbaazi. Mahindi yalienea kwa nguvu katika karne ya 20, na miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kikatoa mbegu inayokomaa haraka kwa ajili ya maeneo yenye mvua chache. Watu waliipenda, na sababu walikuwa nayo. Ila kuvu yetu nayo inapenda mahindi kuliko inavyopenda mtama na mawele. Ghala lilibaki lile lile huku mzigo ukibadilika.

Njaa zina majina

Huwezi kueleza ghala la Ukambani bila kueleza njaa, maana huku njaa hupewa majina kama watoto.

Ile kubwa zaidi ni Ngomanisye, ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa inapita Kibwezi na Makindu kuelekea Nairobi. Ukame, ndui na tauni ya ng'ombe vilifika karibu pamoja. Kabla ya hapo, ghala likiisha watu walikuwa na njia ya pili: kuthuua, yaani kwenda kwa majirani wenye mavuno na kubadilishana nao chakula kwa mifugo, asali, mishale au kazi. Biashara haikuwa ngeni kwao. Mwaka 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui, alimkuta mfanyabiashara mkubwa, Kivoi, ambaye misafara yake ilifika pwani. Kwa lugha ya stoo, kuthuua ilikuwa ghala la pili, la mbali. Ngomanisye ilipiga ghala la kwanza na la pili kwa wakati mmoja, kwa sababu majirani nao hawakuwa na kitu.

Baadaye likaja neno mwolyo, chakula cha msaada. Likawa jina la njaa, kisha likawa neno la kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja njaa ya Ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Na miaka ya mwanzo ya 1980 ikaja ile yenye jina ambalo mi hulirudia kila nikifikiria uchumi wa nchi hii: Nikw'a Ngwete. Maana yake ni "nakufa nimeshika." Nimeshika pesa mkononi, na dukani hakuna cha kununua.

Soma majina hayo kwa mpangilio utaona kitu. Kwanza chakula kiko nyumbani au kwa jirani. Halafu kinaletwa na serikali. Halafu kinaanguka kutoka juu. Halafu kinategemea pesa, na pesa zenyewe hazitoshi. Kila njaa ililisogeza ghala mbali kidogo na boma.

Gunia la ratili 200

Kusogea huko kulikuwa na sheria nyuma yake. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa mahindi: ununuzi, bei na usafirishaji. Baada ya uhuru majina ya bodi yalibadilika hadi tukafika Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, lakini wazo lilibaki. Kwa miongo mingi ulihitaji kibali kuvusha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine, na soko halikufunguliwa kikamilifu hadi 1993. Fikiria mtu wa Kitui mwaka mbaya: mahindi yapo nchini, yamepangwa vizuri kwenye ghala la bodi, lakini kati yake na hayo mahindi kuna kizuizi cha barabarani.

Udhibiti ulileta kipimo. Gunia letu la kilo 90 ni ratili 200 za Mwingereza zilizovaa nguo mpya. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa kuangalia mgongo wa mtu. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kiwango cha juu kwa mwanamume mzima anayebeba mzigo kwa mikono. Mpagazi wa Wote au Mwingi akibeba gunia la kilo 90 kutoka kwenye lori anapita kiwango hicho kwa kilo 35 kila safari. Ukitaka kujua uwezo wa kubeba mzigo unapuuzwa vipi nchini, usianze na chuma. Anza na uti wa mgongo.

Gunia lilikuwa na matokeo mengine. Ikumbi ni la magunzi na punje zilizomwagwa. Gunia linahitaji sakafu na ukuta. Kwa muda mrefu viliishi pamoja: cha kuuza kwenye gunia, cha kula kwenye ikumbi. Halafu akaja mdudu.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania miaka ya mwisho ya 1970, akaonekana kwanza upande wa Tabora, na Watanzania wakamwita dumuzi. Kufikia 1983 alikuwa Taveta, upande wetu. Wakenya wengi baadaye wakamwita osama, na huhitaji kueleza kwa nini. Dumuzi hapendi punje zilizopukuchuliwa kama anavyopenda gunzi, kwa sababu gunzi humpa mahali pa kushikilia anapotoboa. Na hatoboi mahindi tu. Anatoboa hata miti ya ghala lenyewe. Ushauri wa maafisa wa kilimo ukawa: pukuchua, changanya na dawa, weka kwenye gunia. Ulikuwa ushauri mzuri dhidi ya mdudu. Lakini ulimaanisha kwamba gunzi liliondoka kwenye ikumbi, na ikumbi tupu halikarabatiwi.

Kwa hiyo mahindi yalianza kushuka chini kabla ya 2004, na kila hatua ilikuwa na sababu yake ya maana.

Onyo la 1981

Sumu yenyewe ilijulikana duniani mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Wanasayansi wakaifuata hadi kwenye kuvu, wakaipa jina. Mwaka 1974, magharibi mwa India, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyonyeshewa kabla ya kukauka.

Mwaka 1981 zamu ikafika kwetu. Wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo bado ilikuwa na Makueni ndani yake. 12 walikufa. Madaktari walipopima mahindi ya nyumbani kwao walikuta sumukuvu nyingi ajabu, na mwaka 1982 habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Lancet. Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo. Mahali palijulikana, chakula kilijulikana, na njia ya kufa ilijulikana, miaka 23 kabla ya 2004.

Tuelewe ukubwa wa sumu hii. Kiwango cha juu kilichokubaliwa Kenya mwaka 2004 kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Kwenye gunia la kilo 90, hizo ni miligramu 1.8. Punje moja ya mahindi ina uzito wa takriban miligramu 300. Yaani sumu yote inayoruhusiwa katika gunia zima haifiki hata sehemu ya mia ya punje moja. Hakuna mizani ya sokoni inayoweza kuiona. Huionji ikiwa kidogo, na kuipika hakuimalizi. Kukoboa mahindi kupata muthokoi kunaondoa sehemu ya sumu pamoja na maganda, lakini ukianza na sumu mara hamsini ya kiwango, sehemu inayobaki inatosha kuua.

Walichokuwa wakiogopa

Mavuno ya mwanzo wa 2004 yalikuwa duni, na mvua zikaja mapema, yakiwa bado shambani au ndio yanavunwa. Watu walijikuta na mahindi machache, mabichi, katikati ya uhaba. Ukiwa na mahindi machache na majirani wana njaa, ikumbi lililo nje uwanjani ni mwaliko kwa wezi. Kwa hiyo watu waliyaingiza ndani, yakiwa na unyevu, wakayalaza sakafuni pale wanapoweza kuyasikia usiku.

Hii si hadithi ya kubuni mtaani. Watafiti walifanya ulinganisho: wagonjwa 40 dhidi ya majirani zao 80 ambao hawakuugua. Walikula chakula cha aina moja, katika vijiji vilevile. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa kwenye kuhifadhi: nyumba za wagonjwa zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuweka mahindi yakiwa na unyevu, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya kwenye ghala. Ile hatua iliyolinda mahindi dhidi ya mwizi ndiyo iliyoyafungulia kuvu mlango.

Kisha wakaenda sokoni. Katika masoko 65 walichukua sampuli za mahindi na unga kwa wauzaji. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango cha sehemu 20. Asilimia 35 zilipita sehemu 100. Asilimia 7 zilipita 1,000. Maana yake ni kwamba aliyetupa mahindi yake mabaya na kwenda kununua gorogoro sokoni hakuwa salama. Baadhi ya mahindi ya nyumbani yalikuwa yameuzwa, yakachanganywa, yakarudi kwa wenyewe.

Taarifa nyingi zilizofuata zilisema wananchi waelimishwe jinsi ya kuhifadhi chakula. Mimi sentensi hiyo inanikera. Susu yangu, aliyezaliwa kabla ya uhuru na kukaa Makueni maisha yake yote, anaweza kukueleza tofauti ya mahindi makavu na mabichi kwa sauti tu: unazitikisa punje kwenye sufuria, zikilia kama kokoto zimekauka. Anajua kuwa mahindi hayalali chini. Alichokosa mwaka 2004 si elimu. Alikosa jua la siku kumi mfululizo, turubai la kuanikia, na ulinzi wa usiku. Elimu bila vitu hivyo ni sawa na kumwambia mtu aliye kwenye mafuriko kwamba maji ni hatari.

Kibao cha kilo

Nilipoanza kazi godauni niligundua kwamba ulimwengu wa kisasa ulikuwa umeyaandika kwa chuma mambo yale yale ya ikumbi.

Chukua paleti. Ni mbao tu, kimo cha sentimita kumi na kidogo. Kazi yake ya wazi ni kuruhusu foklifti kuingiza meno. Lakini kwenye ghala la nafaka kazi yake kubwa ni kuinua gunia kutoka kwenye saruji, kwa sababu saruji hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuupitisha kwa gunia. Ndiyo maana kanuni ya maghala ya nafaka inasema usilaze gunia sakafuni, usiliegemeze ukutani, acha kama mita moja kati ya rundo na ukuta ili hewa ipite na mtu aweze kukagua. Ni ikumbi hilo, limelala ubavu.

Halafu kuna raki, yale makabati ya chuma yanayopanda hadi darini. Kila raki inatakiwa kuwa na kibao kinachosema uwezo wake: kilo ngapi kwa kila ngazi, kilo ngapi kwa jumla. Watu wengi hudhani kwamba namba hiyo ni ya chuma chenyewe, haibadiliki. Inabadilika. Ukiinua boriti ya kwanza ili bidhaa ndefu iingie chini, umeongeza urefu wa nguzo usiotegemezwa, na ile hesabu ya nguzo ndefu inaanza kukudai. Hujaongeza hata kilo moja, lakini raki imekuwa dhaifu. Ni kama mtu angeyarefusha miguu ya ikumbi bila kuongeza unene.

Na nguzo iliyogongwa ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Kanuni za Ulaya zinasema uweke rula ya mita moja kwenye nguzo: ikiwa imepinda zaidi ya milimita 5 kwa upande mmoja, au 3 kwa upande mwingine, ni tatizo la kushughulikiwa. Ikifika mara mbili ya hapo, ondoa mzigo mara moja. Milimita kumi ni upana wa ukucha wa kidole kidogo. Pale nilipofanya kazi kulikuwa na nguzo iliyokuwa imegongwa na foklifti, na mtu yeyote aliyekuwa akipita angeona mbonyeo bila rula. Tuliandika kwenye kitabu. Wiki zikapita, mzigo ukabaki juu, kwa sababu msimu wa sikukuu ulikuwa umekaribia na kila nafasi ilikuwa na bei. Hatimaye ilibadilishwa, na bahati ilikuwa upande wetu. Kampuni siitaji, na sidhani ilikuwa mbaya kuliko nyingine.

Bahati si ya kila mtu. Mei 2016, huko Shropshire, Uingereza, raki za ghala la jibini zilianguka moja baada ya nyingine, kama domino. Dereva wa foklifti alifukiwa chini ya tani za chuma na jibini kwa karibu saa nane. Alitoka hai, ndani ya kibanda cha foklifti yake. Raki hufungwa pamoja ili zisaidiane, na kwa sababu hiyo hiyo moja ikianguka huvuta ya pili.

Kenya tuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apafanye salama, pamoja na jinsi vitu vinavyohifadhiwa na kubebwa. Ukiona nguzo imepinda, kuna mtu wa kuulizwa. Hapo ndipo godauni la Mombasa Road na sakafu ya nyumba ya Makueni vinapotofautiana. Godaunini mwenye mamlaka ya kusema "shusha mzigo" yupo, hata akichelewa. Nyumbani mwaka 2004 mzigo haukuwa na pa kushushiwa. Kuushusha kulimaanisha kuutupa, na kuutupa kulimaanisha kulala njaa leo badala ya kuugua kesho.

Baada ya hapo

Haikuisha 2004. Mwaka 2005 waliugua 75, wakafa 32. Mwaka 2010 mvua zilikuwa nzuri, mavuno yakajaa, na serikali ikatangaza kwamba magunia milioni 2.3 ya mahindi ya Mashariki na Pwani hayafai. Hebu fikiria mkulima aliyengoja mvua miaka mitatu, akavuna, akaambiwa hivyo. Wengi waliuza kwa bei ya kutupa kwa yeyote aliyekuja na lori. Mwaka wa shibe nao ulithibitisha kwamba tatizo halikuwa njaa peke yake. Hatukuwa na mahali pa kukaushia wala pa kuwekea.

Kuna mambo yaliyobadilika. Wanasayansi waligundua kwamba katika Ukambani kulikuwa na aina ya kuvu inayotoa sumu nyingi kuliko kawaida, na wakatengeneza silaha kutoka kwa ndugu zake: Aflasafe, kuvu ya aina hiyo hiyo isiyotoa sumu, inayomwagwa shambani ili ichukue nafasi ya ile mbaya. Toleo la Kenya lilisajiliwa 2015, na hutengenezwa pale pale Katumani palipotoka ile mbegu ya miaka ya 1960. Kuna pia mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia nje. Asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliofanywa kwa ajili ya kunde za Cameroon miaka ya 1980. Dumuzi akifungiwa humo hukosa hewa. Lakini mfuko haukaushi mahindi. Ukifunga yakiwa na maji, umefunga tatizo. Jaribio rahisi ni chumvi kavu kwenye chupa pamoja na punje kiasi: tikisa, uache zitulie, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Vyote hivyo vina bei. Mfuko mmoja unauzwa mara kadhaa ya bei ya gunia la kawaida, na mwaka mbaya mkulima hupima shilingi kabla ya kupima unyevu. Kwa hiyo ninapoona kaunti inazindua jengo jipya la nafaka, lenye utepe na spika kubwa, ninauliza maswali ya mtu wa stoo. Mashine ya kukaushia ipo? Paleti zipo za kutosha, au magunia yatalazwa chini baada ya wageni kuondoka? Nani ana mamlaka ya kukataa mzigo wenye unyevu, na aliyekataliwa anaupeleka wapi? Swali la mwisho ndilo lililoua watu 2004, na bado silisikii likijibiwa.

Kwa susu, nguzo nne za ikumbi zimesimama mpaka leo. Ni za mukau. Fito zilishaisha zamani, na kuku hulala hapo. Mahindi yake yako ndani, kwenye mifuko mitatu isiyopitisha hewa, juu ya paleti mbili kuukuu nilizonunua Emali na kuzibeba kwa pikipiki. Alizigonga kwa mkongojo, akainama kuangalia nafasi iliyo chini yake, akasema zinatosha ila panya atapenda. Kisha akauliza kama mlango wa chumba hicho una kufuli.